Maswali ya wasomaji: Faili la nje likiingia kwenye autilaini, mama ni lipi?

Habari zenu wapendwa. Tangu tuandike kuhusu programu za autilaini, yaani zile za kuandikia ambazo maandishi yanakaa chini ya vichwa na vijichwa unavyoweza kuvifunga, kuvifungua na kuvihamisha utakavyo, meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nina mafaili yangu ya siku nyingi, nayaingizaje humo? Leo nimechukua za hapa hapa Dodoma na majirani zetu.

Kabla hatujaanza naomba mshike jambo moja maana majibu yote yanalirudia. Faili la nje linaingia kwa njia mbili. Ama unanakili maandishi yake yanakuwa ya humo ndani, ama unaliacha palepale lilipo na autilaini inaliita tu linapohitajika. Ukinakili tayari una mafaili mawili, na kuanzia dakika hiyo yanaanza kutofautiana. Ukiliita unabaki na moja, ila siku ukihamisha folda au ukibadilisha jina, mwito unakatika. Kwa hiyo kabla hujauliza nabonyeza wapi jiulize kuanzia kesho nitakuwa naandikia wapi, faili lipi ndo mama na lipi ni mtoto.

Kaka habari za kazi. Nasoma uzamili UDOM, tasnifu yangu ipo kwenye Word kila sura na faili lake. Nimehamia programu ya kuandikia ya Emacs na autilaini iliyo ndani yake, Org mode, kwa sababu nilimwona mwenzangu anafunga sura nzima na kuhamisha vipengele bila kukopi. Nimekopi nikapesti, maneno yameingia yote lakini kichwa hata kimoja hakuna, ni maandishi mwanzo mwisho. Halafu supavaiza wangu yeye ni Word tu. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Mdogo wangu, Org haikijui kichwa kwa ukubwa wa herufi. Inakijua kwa nyota mwanzoni kabisa mwa mstari ikifuatiwa na nafasi: nyota moja kichwa kikubwa, mbili kijichwa, hivyo hivyo kushuka. Ndivyo ilivyo tangu Carsten Dominik, mtaalamu wa falaki wa Amsterdam, alipoianzisha mwaka 2003, na ndo maana faili la Org unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya maandishi ukalisoma. Ulivyopesti kutoka Word nyota hazikuja kwa sababu hazikuwepo.

Sasa faili la docx ukilichungulia ndani ni zipu yenye mafaili ya XML, na humo kila aya imeandikiwa jina la staili yake. Kama ulitumia Heading 1 na Heading 2, imeandikwa humo kwamba hiki ni kichwa na programu nyingine inaweza kukisoma. Kama ulikoleza wino na kukuza fonti tu, kwa macho ni kichwa ila ndani ya faili ni aya ya kawaida yenye herufi nene. Na wengi mnachapisha hivyo, hasa kazi zikipitia kwa vijana wa steshenari, sio kosa lao, hakuna aliyewahi kuwaambia. Fungua Word, nenda View, weka tiki kwenye Navigation Pane. Ukiona vichwa vyako vimejipanga pembeni uko salama. Ukiona patupu usihame bado, kaa hapo hapo utengeneze. Weka kasa (kile kimstari kinachopepesa) kwenye kichwa kimoja, nenda Home, Select, halafu Select Text with Similar Formatting, Word itashika vyote vinavyofanana nacho, kisha bonyeza Heading 1 mara moja. Fanya hivyo kwa kila ngazi. Saa hiyo moja utakayotumia hapo itakuokolea wiki huko mbele, na hata ukiamua kubaki Word jedwali la yaliyomo litajitengeneza lenyewe.

Ukimaliza tumia Pandoc, programu ya bure ya kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine, iliyoanzishwa 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Berkeley kule Marekani. Unafungua dirisha la amri (terminal) kwenye folda yako na kuandika:

pandoc sura2.docx --extract-media=picha -o sura2.org

Inakupa faili la Org lenye nyota zake, tanbihi zinakuja, picha zinawekwa kwenye folda inayoitwa picha. Majedwali ya kawaida yanakuja vizuri, yale yenye visanduku vilivyounganishwa yakague moja moja. Rejea kama uliziweka kwa Zotero, ile programu ya kutunza rejea, ongeza -f docx+citations ili zije kama rejea, bila hivyo zinaingia kama maandishi tu. Na hili lishike sana: Pandoc kwa kawaida inakubali marekebisho yote yaliyowekwa kwa Track Changes, na maoni ya pembeni inayaacha. Yaani ukiimpoti sura aliyoirudisha supavaiza, aliyoyafuta yatakuwa yamefutika, aliyoyaongeza yatakuwa yako, na yale maputo yake ya pembeni hutayaona kabisa. Hakikisha umeyasoma kwenye Word kwanza.

Hapo ndo tunafika kwa supavaiza. Kama yeye anatoa maoni tu, Org iwe mama. Kila ukitaka kumtumia unatoa docx kwa Pandoc hiyo hiyo ukigeuza majina, maoni yake yakirudi unayaingiza kwa mkono wako kwenye Org, na faili alilolirudisha unaliweka kama kumbukumbu, huliimpoti tena. Lakini kama ni mtu wa kuingia mwenyewe kwenye sentensi zako akaandika, Word ibaki kuwa mama mpaka umalize, na autilaini itumie kwa noti na mpangilio wa hoja. Na kama umebakiza mwezi mmoja kuwasilisha usihame kabisa, hamia kazi inayofuata. Nalisema hili kwa nia njema, nimeona watu wakipoteza usiku wa mwisho wakirekebisha majedwali badala ya hoja.

Kuhusu kila sura kuwa na faili lake, acha hivyo hivyo. Tengeneza tasnifu.org na ndani yake andika mistari kama huu:

#+INCLUDE: "sura2.org" :minlevel 1

Huo mstari hauleti maandishi ndani ya faili, unayaita wakati wa kutoa nakala ya mwisho tu. Ukifungua tasnifu.org utaona mistari mitupu, usishtuke, sura zako zipo kwenye mafaili yake. Ukitaka kuingia kwenye sura weka kasa kwenye mstari wake ubonyeze Ctrl-c halafu alama ya nukuu moja, faili linafunguka. Kwa kazi ndefu mimi naipenda njia hii kuliko zote kwa sababu hakuna nakala ya pili ya kukuchanganya.

Shikamoo. Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja hapa Mtumba. Kila kikao kina faili lake la muhtasari na bosi anataka kuona vyote sehemu moja, vimepangwa kwa miezi, abonyeze afungue. Sina ruhusa ya kuweka programu mpya kwenye kompyuta ya ofisi. – Dada wa Mtumba

Marahaba dada. Huhitaji programu mpya, Word unayoitumia ina autilaini ndani yake, nenda View kisha Outline. Ipo tangu zamani, watu hawaigusi tu.

Wewe uko kwenye hali nzuri kuliko mwanafunzi wetu, maana muhtasari ukishathibitishwa na kusainiwa haubadiliki tena. Kitu kisichobadilika unaweza kukinakili bila hofu. Fungua dokumenti mpya, andika miezi kama Heading 1, chini ya kila mwezi nenda Insert, bonyeza kimshale cha Object, chagua Text from File, chagua muhtasari. Maandishi yanaingia. Mafaili yenyewe uyape majina yanayoanza na tarehe kwa mtindo wa 2025-03-14, mwaka kwanza, kwenye folda yatajipanga yenyewe kwa mfuatano na utajua lipi limeshaingia. Mihtasari ambayo bado haijathibitishwa isubiri nje.

Kwenye hiyo hiyo Outline kuna kitufe cha Show Document na ndani yake Insert, kinachoingiza faili kama kiungo badala ya nakala. Kinafanya kazi, ila kwa ofisi ambayo mafaili yanahama kutoka flashi kwenda kompyuta hii kwenda ile, viungo vinakatika, na ukihariri humo unahariri faili lenyewe lililosainiwa. Kwa mihtasari mimi nisingekitumia.

Na tafadhali, nyaraka za ofisi usizipandishe kwenye autilaini za mtandaoni hata kama ni nzuri namna gani. Seva hizo haziko chini ya ofisi yako.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mpwapwa. Nakusanya methali na hadithi za Cigogo kutoka kwa wazee. Nilianza kuzichapa kwenye Notepad ya kompyuta ya zamani, nyingine kwenye simu, nyingine mjukuu alichapa kwenye Word. Amenionesha Emacs na autilaini nikafurahi, lakini mafaili yalipoingia kila penye ng' pamekuwa takataka, ng'ombe amekuwa ngâ€™ombe. Baadhi ya mafaili hayana â€™ ila yana kialama cheusi chenye alama ya kuuliza. Nimepoteza kazi yangu? – Mwalimu, Mpwapwa

Shikamoo mwalimu. Hujapoteza, mradi hujasevu. Kama hayo mafaili bado yapo wazi yafunge bila kusevu halafu tuendelee.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na kuna zaidi ya kanuni moja ya kugeuza namba kuwa herufi. Inayotumika karibu kote siku hizi ni UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Windows za zamani kwa lugha zinazotumia alfabeti kama yetu zilitumia nyingine, Windows-1252, ambayo Notepad iliiita ANSI. Herufi za kawaida a mpaka z zina namba zilezile kwenye kanuni zote mbili ndo maana maneno mengi yamepona. Tatizo ni kile kialama cha juu. Simu na Word zina tabia ya kukipinda, unaandika kilichonyooka yenyewe inaweka kilichojikunja. Kilichojikunja kwenye UTF-8 kinachukua baiti tatu, yaani namba tatu, na programu ikisoma kwa kanuni ya zamani inadhani ni herufi tatu tofauti: â, kisha €, kisha ™. Kwa lugha ambayo haina ng' usingeona shida mapema, lakini kwa Kiswahili na Cigogo inatokeza kila mstari.

Yale ya alama ya kuuliza ni kinyume chake. Hayo huenda ni ya Notepad ya zamani yenye kialama kilichojikunja kilichopestiwa kutoka Word, yameandikwa kwa ANSI halafu yanasomwa kama UTF-8, programu inakuta namba isiyoielewa inaweka alama ya kukata tamaa. Notepad ilianza kuweka UTF-8 yenyewe kwenye Windows 10 ya mwaka 2019, kabla ya hapo ulikuwa uichague mwenyewe.

Kwa hiyo mafaili yako ni ya aina mbili na usiyatendee kwa pamoja. Kwanza kabisa tengeneza folda iitwe ASILI, weka nakala za mafaili yote humo kama yalivyo, na usiiguse tena, hata yakionekana mabovu. Hiyo ndo mama, hayo ni maneno ya wazee na wengine huenda hutawapata tena kuwauliza. Kisha fungua faili kwenye Emacs, ukiona â€™ bonyeza Ctrl-x, halafu Enter, halafu r, andika utf-8, Enter. Litasomwa upya na ng'ombe atarudi. Ukiona kialama cha kuuliza, au \222 maana Emacs mara nyingi hukionesha hivyo, fanya vilevile ila uandike windows-1252. Likiwa sawa, Ctrl-x, Enter, f, andika utf-8, kisha sevu. Sasa lote limekuwa UTF-8.

Kama kuna ambalo lilishasevuwa likiwa na takataka, hapo takataka imekuwa maandishi halali na kusoma upya hakusaidii, itabidi utafute â€™ na kubadilisha yote kuwa kialama kilichonyooka. Na hata yaliyo mazima fanya hivyo hivyo, badilisha vyote vilivyojikunja viwe vilivyonyooka, maana kwa kompyuta ng' hizo mbili ni tofauti, utatafuta neno moja ikuletee nusu ya methali zako ukadhani nyingine hukuziandika.

Kuhusu mpangilio, kwa kuwa mengi ni maandishi matupu, kazi ya nyota unaweza kuimaliza kabla ya kuingiza. Kila methali mstari wake na nyota mbili mbele, maana yake chini bila nyota, na jina la kijiji ulikoipata liwe kichwa cha nyota moja. Mjukuu akipenda kuiona kama mchoro wa matawi mwambie aweke programu ya Freeplane, ukipesti humo maandishi yaliyoingizwa ndani kwa tabu (kitufe cha Tab) inajenga matawi yenyewe, tabu moja ngazi moja. Ila achague tabu au nafasi, asichanganye, kwa macho zinafanana na programu inaziona tofauti, matawi yatakaa pasipo pake.

Mwalimu, endelea na kazi hiyo. Wagogo wapo wengi mjini hapa ambao watoto wao hawajawahi kuzisikia hizo methali.

Oya mkuu. Ni dev, Nzuguni, tunaandika kodi ya Python watu watatu. Mimi natumia autilaini inayoitwa Leo, wenzangu hapana. Nimeingiza mafaili ya projekti kwa @file, yamekaa vizuri kwangu, nimepush (nimepandisha kwenye hifadhi yetu ya pamoja), wenzangu wamekuta makomenti ya ajabu yanaanza na #@+node kila mahali wamekasirika. Niache Leo? – Dev, Nzuguni

Usiache. Leo, ile ya Edward K. Ream, ina njia kadhaa za kuita faili la nje na wewe umechukua inayofaa watu wote wakitumia Leo. @file inaandika mpangilio wako ndani ya faili lenyewe, ndo hayo makomenti, ili mwingine mwenye Leo alifungue akute mti uleule. Kwa timu yako badilisha neno moja tu kwenye kichwa cha nodi, yaani kipengele kimoja cha mti wa autilaini, @file iwe @clean, kisha sevu. Faili litaandikwa safi bila komenti hata moja ya Leo, na mpangilio utabaki kwenye faili lako la .leo. Mwenzako akibadilisha kitu ukapull, ukifungua Leo inalinganisha na kupeleka mabadiliko kwenye nodi zake. Kitakachokusumbua kidogo ni funksheni mpya iliyoingizwa mpakani mwa nodi mbili, Leo haiwezi kujua ulitaka iwe ya nani, unaihamisha mwenyewe na faili la nje halibadiliki.

Kwa hiyo kwako maneno mama yao ni faili la nje, mpangilio mama yake ni .leo. Hilo la .leo lifanyie bakapu, ukilipoteza kodi ipo ila mti umekwenda. Kuna pia @auto, hiyo inasoma faili upya kila mara na kujenga nodi kwa klasi na funksheni, nzuri kwa kodi ya watu unayotaka kuisoma tu, ila mpangilio utakaoupanga wewe hauhifadhiwi. Na @edit inaleta faili zima kwenye nodi moja, itumie kwa README na mafaili ya setingi. Wenzako waombe radhi, safisha tawi, mambo yaendelee.

Habari. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa zabibu, Hombolo. Kumbukumbu zetu za miaka ni karatasi zilizopigwa skani ziko PDF. Nimejaribu kuziingiza kwa Pandoc inakataa. – Karani

Itakataa, Pandoc inaandika PDF ila haisomi PDF. Na yako ni zaidi, skani ni picha ya maandishi, ndani hakuna herufi hata moja. Jaribu kushika neno kwa mausi kwenye PDF, lisiposhikika ni picha. Zilizochapwa kwa taipu au kompyuta zinaweza kusomwa na Tesseract, programu ya kutoa maandishi kwenye picha, ni ya bure na ina data ya Kiswahili, geuza ukurasa kuwa picha ya PNG kisha:

tesseract ukurasa1.png ukurasa1 -l swa

Utapata ukurasa1.txt, huo ndo unaingiza. Namba zikague zote dhidi ya karatasi, kilo na shilingi sio mahali pa kuamini mashine. Daftari zilizoandikwa kwa mkono usihangaike nazo kwa njia hii, afadhali kwenye autilaini uandike kichwa cha kila mwaka na chini yake uweke kiungo cha kwenda kwenye PDF yenyewe, uchape jumla tu. Skani ndo mama hapo, na karatasi msizitupe.

Natumia Orgzly, programu ya kusomea mafaili ya Org, kwenye simu na Emacs kwenye laptopu. Nimeimpoti faili langu kwenye simu, nikaandika wiki nzima, kwenye laptopu hakuna kitu. – Msomaji, Manyoni

Kwa sababu kuimpoti kwenye Orgzly ni kunakili. Inaweka nakala kwenye hifadhi yake ya ndani na faili ulilotoa halijui chochote. Toa kwanza ulichoandika kwa kuekspoti daftari hilo, ulipe jina tofauti, linganisha na la laptopu uunganishe kwa mkono. Baada ya hapo nenda kwenye setingi, sehemu ya kusinki, uongeze ripozitori (mahali pa kusinkia) inayoelekea kwenye folda moja, na folda hiyo ndo uwe unaihamisha kati ya simu na laptopu. Kusinki bonyeza kabla ya kuandika na baada ya kuandika, pande zote mbili, hasa kama bando linakatika katikati.